Walioniletea Uji wa Mzazi

Ustawi wetu ulikuwa yai moja la kuchemsha. Daktari mkuu wa hospitali ile aliamua hivyo mwenyewe, baada ya kumkuta mwenzangu amesinzia wima huku kalamu iko mkononi. Aliagiza jikoni kwamba kila daktari mwanagenzi apewe yai kila asubuhi kabla ya kupita wodini. Mpishi alilichemsha mpaka kiini kikageuka rangi ya majani makavu, nasi tulilila tumesimama dirishani. Nililichukia yai lile kuliko kazi yenyewe. Mpaka leo nikiandaliwa yai la kuchemsha kwa watu hugeuza uso, na wenyeji hudhani nina maringo.

Hiyo ilikuwa miaka ya sabini, katika mji mmoja wa chini ya Mlima Kenya ambao nitauacha bila jina, maana watu wake hawakunikosea kitu. Uanagenzi, kwa asiyeujua, ndio mwaka ule wa kufunzwa kazini baada ya chuo kikuu. Umeshaitwa daktari, nyumbani wameshachinja mbuzi, lakini hujawa daktari kamili mpaka umalize mwaka huo na daktari mkuu aseme umemaliza. Ukiuacha katikati, ndio umeacha udaktari. Tulikuwa wawili, mimi msichana na kijana mmoja wa Kianyaga, mcheshi ajabu, aliyejua kuigiza kikohozi cha kila mgonjwa. Kisha yeye akahamishwa kupelekwa penye shida kuliko kwetu. Nikabaki na kazi ya wawili, na mayai mawili, kwa sababu mpishi hakuambiwa apunguze.

Daktari mkuu nimemsema sana maishani, kwa hiyo hapa nitajaribu kumtendea haki. Alikuwa mmoja wa Waafrika wa kwanza kukalia kiti kile baada ya Wazungu kuondoka. Alisomea ng'ambo, kwenye baridi na dharau, na nadhani kila usiku aliota kosa moja tu ambalo lingewafanya watu waseme, si tuliwaambia. Alikuwa mrefu, na sauti yake ilikuwa ndogo mno kwa mwili ule. Ukimlalamikia jambo lolote, usingizi, miguu kuvimba, kupitwa na chakula cha mchana, alikuwa na jibu moja: "Sisi tulifanya hivi hivi." Sikujua kama alikuwa akijisifu au akilalamika. Sijajua bado.

Katika juma moja la mvua ndefu, watoto watatu walizaliwa mikononi mwangu na hawakuishi. Sitaeleza zaidi ya hapo, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na sababu yake, na sababu hizo hazikufanana. Daktari mkuu alikaa nami akapitia kila jambo, hatua kwa hatua, kisha akasema hakuna kosa lililotendeka. Alitaka kunituliza, najua. Lakini mimi nilitoka pale nimechanganyikiwa zaidi, maana kama kungekuwa na kosa ningelijua na kulikwepa siku nyingine. Sasa ningekwepa nini? Akina mama watatu walikwenda zao na shali walizokuja nazo, zimekunjwa vile vile, na mimi nikaitwa wodi nyingine.

Siku ya yule wa tatu nilijikuta nimesimama kwenye korido, mkono mmoja una glavu na mwingine hauna. Watu walinipita pande zote. Nilitazama mkono ule nikajaribu kukumbuka kama glavu nilikuwa naivaa au naivua. Sista wa wodi ya wazazi, mama mnene wa kutoka Kiriaini aliyeogopwa na kila mtu mpaka madereva, alikuja akasimama mbele yangu.

"Daktari, unaenda ama unatoka?"

"Sista, sijui."

Hakucheka wala hakugomba. Alinivua ile glavu kama mtu anavyomvua mtoto soksi, kisha akaenda moja kwa moja ofisini kwa daktari mkuu, bila kubisha mlango. Baadaye kidogo nikaitwa.

"Umekula yai?" daktari mkuu akaniuliza.

"Nimekula, Daktari. Mawili."

"Sasa shida iko wapi?"

Yeye akageuka akatazama dirishani, upande wa mlima, ingawa siku hiyo ulikuwa umefunikwa na mawingu na hapakuwa na cha kutazama.

"Leo ni Alhamisi. Enda nyumbani ulale. Jumatatu asubuhi uwe hapa. Usipokuja nitajua umeacha, na Nairobi nitawaambia umeacha." Akaongeza polepole, "Sisi tulifanya hivi hivi."

Nilipofika kwetu Tetu nilikuwa nimeshaamua. Sirudi. Ningetafuta shule ya wasichana nifundishe baiolojia, niwaonyeshe moyo wa ng'ombe kwenye sinia na kuwaambia huu ni mshipa fulani na ule ni fulani, na mtu asife. Sikumwambia mama yangu. Aliniona naingia uani, akanitazama usoni, akapokea mfuko wangu, na mimi nikaenda chumbani nikafunga mlango.

Nililala kutwa na kucha. Nilipoamka nililia, na nilipochoka kulia nililala tena. Baba alikuwa Nanyuki kazini, alikuja nyumbani mwisho wa mwezi tu, kwa hiyo ilibaki ni mimi na Mama. Watu walipokuja kunisalimia, kama ilivyo desturi mtu anapotoka mbali, Mama aliwasimamisha mlangoni. "Amelala. Asiguswe." Aliniletea githeri, yale mahindi na maharagwe, nikakataa. Akaniletea viazi na maziwa, nikaonja nikarudisha. Mama alikuwa mtu wa shamba, na mtu wa shamba akiona kitu kinanyauka hangoji ushauri. Ijumaa alasiri alikwenda sokoni akanunua njahi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Njahi ni yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe, na kwetu ndicho chakula cha mzazi, mwanamke aliyejifungua, kinachosemekana hurudisha damu na kuleta maziwa. Si kwamba mwingine amekatazwa kuzila, hata harusini hupikwa. Lakini mama wa nyumba akionekana anachemsha chungu kizima siku ya kazi, akaziponda na ndizi mbivu, na kando ameweka uji ili uchachuke, majirani huanza kuhesabu miezi kwa vidole.

Mama hakulifikiria hilo. Alitaka kurudisha damu ya mtoto wake, basi. Lakini ng'ambo ya ua wetu aliishi jirani mmoja ambaye pua yake ilifanya kazi ya gazeti, na yeye alilifikiria sana. Aliziweka dalili pamoja: msichana ambaye hajaolewa amekuja kabla ya likizo, amevaa koti kubwa, hasalimii watu. Amefungiwa ndani. Mama yake anawazuia wageni mlangoni. Njahi ziko jikoni. Na zaidi ya yote, jirani aliapa kwamba kupitia ua alisikia kitoto kikilia. Kusema kweli, mimi mwenyewe ningeletewa mgonjwa mwenye dalili hizo ningeandika mzazi, na nisingeuliza mara ya pili.

Walikuja Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Nilisikia miguu kwanza, kisha sauti za kunong'ona langoni, nikainuka kitandani nikachungulia kwenye ufa wa dirisha. Wanawake wa mtaa mzima walikuwa pale. Mizigo ya kuni migongoni, kamba zimekaza kwenye vipaji vya nyuso, vibuyu vya uji, mikungu ya ndizi, na mmoja alibeba shali nyeupe ya kufumwa, ndogo. Walisimama langoni hawaingii, kwa sababu walikuwa na ugomvi. Mtoto wa kiume hupokelewa kwa vigelegele vitano na wa kike kwa vitatu, na hakuna aliyejua apige vingapi.

"Tupige vitano."

"Na akiwa msichana, viwili utavirudisha wapi?"

"Ni kijana," jirani yetu akasema kwa uhakika. "Nilimsikia analia. Ile sauti ni ya kijana."

Sauti ile ilikuwa yangu. Nilirudi kitandani nikajifunika mpaka kichwani, na sikujua kama nilitaka kucheka au kuficha uso milele.

Mama alitokea nyuma ya zizi na mundu mkononi, majani ya ng'ombe begani. Nilimsikia akiwakaribisha kwa sauti ya mtu anayejiuliza ni mkutano gani wa kanisa aliosahau.

"Karibuni, akina mama. Kuna nini?"

Wakaangua kicheko, cha upole, kile cha watu wanaomwona mwenzao anajificha nyuma ya unyasi. Mkubwa wao, shosho mmoja, yaani bibi kizee, ambaye alikuwa amezalisha nusu ya mtaa ule kabla ya kliniki kuja, akamwambia Mama, "Sisi hatukuja kuuliza baba ni nani. Hayo ni yenu. Tumekuja kuona mtoto wetu."

Nasikia Mama alifungua mdomo. Lakini wanawake wenye kuni mgongoni hawangojeshwi uani, na walipita.

Chumba changu kilikuwa kidogo. Waliingia waliotosha, wengine wakabaki mlangoni. Mimi nilikuwa nimelala nimeelekea ukutani, ujinga wangu ukiniambia kwamba nikinyamaza wataondoka. Shosho akaketi ukingoni mwa kitanda. Kisha nikauhisi mkono wake ukipita juu yangu na kuanza kupapasa blanketi upande wa ukutani, taratibu, pale mahali mtoto mchanga hulazwa ili asianguke. Ukapapasa chini, ukapapasa juu. Ukasimama.

"Yuko wapi?"

Nikaketi. Nilisema waziwazi, na kwa Kikuyu kilichonyooka, kwa sababu nilikuwa nimekasirika. "Shosho, mimi sijazaa. Sina mtoto na sikuwa na mimba. Nimechoka na kazi ya hospitali, nikaja kulala."

Walinitazama. Ningemaliza hapo labda wangeamini. Lakini kile kiganja chake kilikuwa bado kiko pale kwenye blanketi, mahali patupu, na mimi nikakitazama, nikaanza kulia. Sikuwa nimelia hivyo wodini wala koridoni. Nililia mpaka kifua kikauma, na kila nilipojaribu kusema neno lilitoka vipande.

Nieleze kuhusu wanawake wale. Walikuwa wamepalilia kahawa tangu alfajiri, wakapasua kuni, wakapanda mteremko nazo. Kuchoka walikujua vizuri, na walijua kwamba dawa yake ni jioni moja na bakuli la chakula, na kesho unaamka. Hakuna mtu waliyewahi kumwona amelazwa na kuchoka. Hakuna waliyemwona analia kwa kuchoka akiwa na karibu miaka thelathini, amesoma, amepewa nyumba ya serikali na yai kila asubuhi. Nilikuwa nimewapa sababu isiyokuwepo kwenye akili zao, basi wakaiweka kando na kutafuta nyingine. Niliona wanaipata. Macho yalihama kutoka kwangu hadi kwenye lile blanketi, na yule aliyebeba shali nyeupe akaiingiza ndani ya kanga yake polepole, isionekane.

"Nimesema sijazaa!" nikapiga kelele.

"Ndiyo, ndagitari," shosho akasema. "Hujazaa." Na akatikisa kichwa kama unavyomkubalia mwenye homa.

Vigelegele havikupigwa. Nje nilisikia kuni zikishushwa, si kwa kutupwa kama kawaida, bali kwa kuwekwa chini kimya kimya, mzigo juu ya mzigo. Kuni za kumletea mzazi hazirudishwi nyumbani, hata kukiwa na nini, kwa hiyo walizipanga ukutani kwetu mpaka dirisha la jiko likafunikwa. Miongoni mwao alikuwamo mke mmoja mchanga, ameolewa pale mtaani miaka michache nyuma, ambaye kila mtu alijua amepoteza watoto wawili. Huyu alimimina uji kwenye kikombe cha bati, akanipa, akaketi miguuni pangu. Alishika mguu wangu mmoja kupitia blanketi akaendelea kuushika.

Nikanywa uji. Hicho ndicho kilichoniudhi kuliko yote, kwamba uji ulishuka. Tangu nifike nyumbani hakuna kilichokuwa kikishuka, halafu uji wa uongo, ulioletwa kwa mtoto ambaye hakuwahi kuwako, ukapita kooni laini, nikaomba mwingine.

Kabla ya kuondoka waligawana zamu: nani atateka maji, nani atakata majani ya ng'ombe, nani ataleta uji, mpaka mwezi uishe. Mama alisimama mlangoni akisema, "Lakini... lakini jamani..." na hakuna aliyemsikiliza. Mmoja alimpiga begani akamwambia ajikaze, mtoto wake bado ni kijana, Mungu atampa mwingine.

Ilipofika saa ya kukamua, Mama aliingia chumbani na ndoo tupu akaketi pale alipoketi shosho.

"Niambie mimi. Mimi ndiye mama yako. Alikuwa kijana au msichana?"

"Mama! Hata wewe?"

"Nauliza tu."

Nilitaka kumkemea. Nilimtazama, mwanamke aliyenisomesha kwa maziwa ya ng'ombe huyo aliyekuwa akimngoja nje, na nikaona kwamba kweli hakujua. Alikuwa amekaa siku mbili nje ya mlango wangu akinisikia, na hakuna mtu aliyekuwa amempa sababu. Basi nikampa.

"Walikuwa watatu, Mama. Kijana, msichana, halafu kijana. Wote wa juma moja. Hakuna hata mmoja aliyekuwa wangu."

Ng'ombe alilia zizini, Mama hakuinuka.

"Vitano, vitatu, vitano," akasema hatimaye, polepole. "Havikupigwa?"

"Havikupigwa."

Akatikisa kichwa, akachukua ndoo akaenda kukamua. Sijui alielewa nini. Hatukulizungumza tena, mpaka alipofariki.

Hivi majuzi madaktari vijana walinialika Nyeri, hotelini, kwenye mkutano wao kuhusu ustawi wa madaktari walio mafunzoni. Siku hizi wana mtu wa kuzungumza naye wakilemewa, na wana zamu zilizopangwa, angalau kwenye karatasi. Nilifurahi, kweli nilifurahi, ingawa pia nilikuwa na kijiwivu. Msichana mmoja aliuliza, "Na nyinyi, enzi zenu, ni nini kiliwasaidia?" Ukumbi mzima ukaningoja. Nilifikiria njahi, nikafikiria kuni zilizofunika dirisha. Nikasema, "Mimi nilisaidiwa na kosa la jirani." Wakacheka, wakadhani ni utani wa wazee, na mwenyekiti akanishukuru. Nilirudi kukaa nikiwa nimejikasirikia, kwa maana ningewaeleza nini? Kwamba kila hospitali itafute jirani mwenye pua ndefu?

Jumapili ile ya Tetu wanawake walikuja tena, na nguo za kanisa. Jumatatu asubuhi niliamka mapema nikavaa viatu. Mwenye zamu ya maji alikuwa ameshafika langoni na mtungi, akaniambia nirudi kitandani, mzazi hatembei. Nikapita. Watu wameniuliza mara nyingi nilipataje nguvu za kurudi, na mimi huwajibu vizuri, kwa maneno ya heshima. Ukweli ni kwamba sijui kama nilirudi kwa sababu nilipona au kwa sababu nilikuwa nakimbia uji wa mwezi mzima. Shule ya wasichana sikuitafuta. Njiani niliiwaza, nikaona imepotea kichwani kama ndoto ya mtu mwingine.

Daktari mkuu alinikuta kwenye ngazi.

"Umekuja."

"Nimekuja, Daktari."

"Nyumbani walikulisha?"

"Walinilisha. Njahi."

Na yeye alikuwa mtu wa huku kwetu, pamoja na ng'ambo yake yote. Alisimama. Alinitazama tumboni, mara moja tu, akahamisha macho haraka na kukohoa. Tangu juma hilo nikajikuta napewa alasiri za mapumziko, mwezi mzima, bila maelezo, na daktari mwingine akaletwa kushika nusu ya kazi. Sijui alidhani nini. Nilipotaka kumweleza, alinyoosha mkono akanizuia, uso umemwiva. Kwa kuchoka alikuwa na yai tu. Kwa hilo jingine, lolote alilolidhania, alijua la kufanya. Nilikasirika kwa mwezi mzima, na alasiri zote nililala.

Mwaka ulipokaribia kuisha, wakati wa kuchuma kahawa, yule mke mchanga aliyenishika mguu alikuja katika mji wa hospitali yetu. Alikuwa na mimba kubwa, akafikia kwa dada yake. Njiani alikuwa amepita hospitali ya karibu na kwao, mumewe akinung'unika. Siku ya kliniki alimwambia sista mbele ya foleni nzima, "Nataka yule ndagitari wa Tetu. Yule aliyezika wake."

Sista alinigeukia. Huyu alikuwa amefanya kazi nami mwaka mzima, bega kwa bega, na alijua tumbo langu kama alivyojua la kila mtu mle ndani. Hakumsahihisha. Nikamwita yule mama ndani nikafunga pazia, na nikamwambia kwa utulivu, maana nilikuwa nimeamua safari hii sitapiga kelele.

"Mama, sikiliza. Siku ile nilisema kweli. Mimi sijazaa."

"Najua," akanijibu. "Hata mimi watu wakiniuliza, husema hivyo."

Nilimpima, nikasikiliza mapigo ya mtoto, na yeye akinitazama kwa huruma.

Alikuja kujifungua siku ya Jumatano, saa za asubuhi. Nilikuwa nimeogopa kwa majuma mawili. Nilikuwa nimemwomba Mungu amlete siku nisiyokuwa kazini, kisha nikamwomba msamaha, kisha nikaomba tena. Uchungu ulipokaza alinishika kifundo cha mkono akasema, "Wewe unajua," na nikasema, "Najua," kwa sababu ndilo jibu pekee lililokuwa pale. Hakuchelewa. Mtoto alitoka akilia, kelele ya hasira, hata sista akacheka. Alikuwa msichana. Nilikata kitovu, nikampangusa, nikamfunga shali, nikanyoosha mikono kumpa mama yake.

Yule mama akainua kiganja kunizuia.

"Shika wewe kwanza, ndagitari. Wako hukupata kumshika."

Nilisimama pale. Ilikuwa kweli. Wale watatu, kila mmoja nilimkabidhi sista haraka nikamgeukia mama yake, kwa sababu kazi ilikuwa huko, na baadaye nikaambiwa yamekwisha. Hakuna hata mmoja niliyemshika kwa muda wa kumwona uso. Nikamleta huyu kifuani. Alikuwa na joto, na mzito kuliko alivyoonekana, akaacha kulia akaanza kutafuta kwa mdomo kwenye koti langu jeupe, mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kumpa.

Sista akanisogezea kiti, nikakaa. Daktari mkuu alichungulia mlangoni kuuliza kazi imekwama wapi.

"Ngoja kwanza, Daktari," sista akamwambia, na akafunga mlango.